Afisa wa Kuzuia Madhara Katika Manowari

 Fungueni karatasi za somo la leo. Mwalimu wa darasa, tafadhali angalia kama kila mtu ana kalamu, maana leo tuna herufi na tarakimu za kuandika.

Safari hii tunakwenda baharini, ndani ya manowari. Lakini hatutazungumza habari za mizinga, wala za nahodha anayesimama juu na darubini yake. Tutazungumza habari za mtu mmoja ambaye, vita vinapoanza, yuko chini ndani ya chumba kisicho na dirisha. Mbele yake pana ramani kubwa ya meli yake. Mkononi ana kalamu, na sikioni ana simu. Kazi yake ni hii: meli ikitobolewa, isizame, ikishika moto, isiteketee, na ikiwezekana iendelee na safari yake. Katika manowari za Marekani, ambazo habari zake zimeandikwa sana, mtu huyu ni afisa aliye chini ya mhandisi mkuu wa meli. Sisi tutamwita Afisa wa Kuzuia Madhara.

Andikeni neno hili: madhara. Ma-dha-ra. Maana yake ni mabaya yanayokipata kitu au mtu.

Kwanza tujiulize. Chuma huzama. Mbona meli ya chuma yaelea? Chukueni sufuria, iwekeni juu ya maji. Itaelea kwa sababu ndani yake mna hewa. Itobolewe chini kidogo tu, maji yaingie, sufuria hiyo itakwenda chini. Meli ni hivyo hivyo. Dau au jahazi lina tumbo moja. Maji yakiingia mbele hufika nyuma, na mabaharia huyafua kwa upo mpaka mikono ichoke. Manowari haikujengwa hivyo. Tumbo lake limekatwa vipande vingi kwa viambaza vya chuma, na kila kipande ni chumba chenye mlango unaofungwa kabisa, maji yasipite. Chumba kimoja kikijaa, vingine vinabaki vikavu, na meli huendelea kuelea.

Lakini kiambaza chenye mlango ulioachwa wazi si kiambaza. Hapo ndipo kazi ya afisa wetu inapoanza, na huanza bandarini, miezi mingi kabla ya hatari yo yote.

Katika manowari za Marekani kila mlango na kila kifuniko cha namna hiyo kimeandikwa herufi. Herufi zenyewe ni tatu: X, Y na Z. Y na Z mnazijua. X hatuitumii katika maneno ya Kiswahili, lakini ni rahisi kuiandika: mistari miwili iliyopishana. Mlango wenye herufi X hufungwa wakati wote, hata bandarini penye amani. Aliyepita huufunga nyuma yake. Meli ikiwa baharini, milango ya X hufungwa pamoja na ile ya Y. Na kengele ya vita ikilia, hufungwa yote mitatu, hata ile ya Z. Basi, baharia anayekimbia gizani, amekutana na mlango na hana mtu wa kumwuliza, herufi moja tu humwambia afanye nini. Asiyeweza kuisoma aweza kuwazamisha wenzake, wala hana nia mbaya.

Mtu akitaka kuufungua mlango uliokwisha kufungwa kwa amri, ni lazima aombe ruhusa. Mlango huo huandikwa katika daftari: upi, nani kaomba, saa ngapi, utafungwa tena lini. Daftari hilo ni moja katika vitu ambavyo afisa wetu huvichungulia mara kwa mara. Wako watakaosema hayo ni mambo ya karani. Naam, ni ya karani, na ndiyo yanayookoa watu.

Kila chumba pia kina anwani yake, imeandikwa ukutani. Tuisome moja: 2-60-1-L. Tarakimu ya kwanza yatuambia sitaha. Sitaha kuu ni ya 1, na ukishuka ngazi moja ni ya 2. Tarakimu ya pili, 60, yatuambia taruma. Mnajua mataruma ya jahazi, zile mbavu za mti zinazoshikilia mbao. Manowari nayo ina mataruma, ila ni ya chuma, nayo huhesabiwa kuanzia omo kwenda tezi. Tarakimu ya tatu yatuambia upande. Ukiwa umeelekea mbele, vyumba vya kulia ni 1, 3, 5, na kuendelea hivyo. Vya kushoto ni 2, 4, 6. Na kilicho katikati ni 0. Herufi ya mwisho ni kazi ya chumba: L ni chumba cha watu kulala na kukaa, A ni ghala, M ni chumba cha baruti na risasi. Sasa mtu akipiga simu na kusema, "Moto, 2-60-1-L," afisa huweka kidole chake juu ya ramani pale pale. Hakuna haja ya kusema, "Kule nyuma karibu na jikoni, upande ule wa akina fulani."

Tupite upesi kwenye vifaa, maana vingi vyake mnavijua. Mna mipira ya maji na mabomba ya kuvuta maji. Mna vyombo vya kuvutia pumzi penye moshi. Mna mashoka. Na ndani ya manowari mpya, yenye mitambo ya kila namna, mna pia mbao, kabari na vizibo vya mti laini. Kizibo hutiwa katika tundu na kugongwa kwa nyundo. Mti laini ukilowa huvimba, na tundu hushikwa. Fundi wetu anayetia kalafati katika jahazi hatacheka akiona hayo. Na kiambaza kinachotaka kupasuka kwa uzito wa maji ya chumba cha pili hutiwa gadi, kama vile chombo kinavyotiwa magadi pwani maji yakikupwa kisianguke ubavu.

Vifaa hivyo vyote vina namba, na afisa huvikagua. Kukagua huko kunachosha, na ni kazi isiyosifiwa na mtu. Lakini sikilizeni. Mwezi wa Julai 2020, manowari ya Marekani iitwayo Bonhomme Richard ilishika moto katika bandari ya San Diego ilipokuwa ikitengenezwa. Iliungua siku 4 na haikufaa tena. Wachunguzi walikuta kwamba vituo vingi vya kuzimia moto vilikuwa havifanyi kazi siku hiyo. Palikuwa na mtambo wa kumwaga povu la kuzima moto, ambao huendeshwa kwa kubonyeza kitufe. Hakuna aliyekibonyeza.

Sasa tuseme hatari imefika. Mabaharia wa kuzuia madhara wamegawanyika katika makundi: kundi la mbele, kundi la nyuma, kundi la mitambo, kwa mfano. Kila kundi lina mkuu wake na kabati lake la vifaa. Hao ndio wanaouona moto na maji. Afisa mwenyewe haoni kitu. Yeye hupata habari kwa simu, na simu ikikatika, kwa mjumbe anayekimbia na kikaratasi. Kikaratasi hicho kimechapishwa tayari, kina nafasi za kujaza: chumba gani, saa ngapi, ni moto au ni maji, kina cha maji ni kiasi gani. Mjumbe akiandika vibaya, au afisa akisoma vibaya, watu watapelekwa upande wa kulia kumbe maji yanaingia kushoto. Ndipo afisa huchora alama juu ya ramani na kumpasha nahodha habari: meli imepata nini, yaweza nini, haiwezi nini.

Mwaweza kufikiri kwamba, penye moto, kazi ni nyepesi: mimina maji. Hebu tupige hesabu. Mpira mmoja wa manowari waweza kutoa maji lita 360 kwa dakika moja. Debe letu ni lita 20. Kwa hiyo ni madebe 18 kila dakika. Kwa saa moja ni lita 21,600. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, basi ni zaidi ya tani 21. Maji hayo yote yamo ndani ya meli. Mmeyatia wenyewe.

Tena maji hayatulii mahali pamoja. Mtu aliyebeba sinia pana lenye maji anajua: sinia likiinama kidogo, maji yote hukimbilia upande huo na kuzidi kuliinamisha. Katika meli ni vivyo hivyo, na yakiwa katika sitaha za juu ubaya wake ni mkubwa zaidi.

Haya si maneno ya kutishia watoto. Mwaka 1942 palikuwa na meli kubwa ya abiria ya Ufaransa, jina lake Normandie, imefungwa gatini New York. Marekani walikuwa wameichukua na kuigeuza iwe meli ya kuchukulia askari. Tarehe 9 Februari, mchana, mafundi walikuwa wakikata chuma kwa moto. Cheche ziliangukia rundo la makoti ya kuokolea watu baharini. Makoti hayo yalijazwa sufi, sufi hii hii tunayotia katika mito na magodoro. Mnajua sufi inavyoshika moto. Vichwa vya mipira ya maji ya meli vilikuwa vya namna ya Kifaransa, havikuingiana na vya wazima moto wa mjini. Magari ya zimamoto yakamimina maji kutoka nchi kavu, na mashua za zimamoto zikamimina kutoka mtoni. Jioni moto ulikuwa umeshindwa. Lakini meli ilikuwa imeanza kuinama.

Mtu aliyeichora meli hiyo, Vladimir Yourkevitch, alikuwa New York. Alikuja mbio. Shauri lake lilikuwa kufungua vali za chini, maji ya mto yaingie kwa makusudi, ili meli ishuke kidogo na kukaa wima juu ya matope ya chini. Yaani izamishwe kidogo ipate kupona. Hakuruhusiwa kupita. Usiku huo, tarehe 10, karibu na saa tisa kasorobo, Normandie ilipinduka ubavu pale pale gatini, wala haikubeba abiria tena. Baadaye ilikatwakatwa ikauzwa kama chuma. Nadhani mwaona kwa nini manowari huwa na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuhesabu maji ya adui pamoja na maji ya marafiki.

Mambo hayo yaweza pia kumpotoza afisa mwenyewe. Tarehe 19 Juni 1944, katika vita kuu ya pili, manowari mpya ya Japani ya kuchukulia ndege, Taiho, ilipigwa topido moja na nyambizi ya Marekani, Albacore. Ilikuwa saa mbili na dakika chache asubuhi. Topido moja kwa meli kubwa namna ile si kitu. Iliendelea na mwendo wake, na watu wakaziba shimo la lifti ya ndege kwa mbao. Lakini tangi za petroli ya ndege zilikuwa zimepasuka, na mvuke wa petroli ukaanza kujaa. Afisa wa kuzuia madhara akatoa amri mifereji ya hewa ifunguliwe meli nzima, mvuke upate kutoka. Haukutoka. Ulisambaa. Chumba kimoja chenye hatari kikawa meli nzima yenye hatari. Saa nane na nusu mchana, zaidi ya saa sita baada ya kupigwa, cheche moja ilitosha. Meli ililipuka na kuzama siku ile ile.

Amri yake haikuwa ya kipumbavu. Nyumba ikijaa moshi, sisi wote hufungua madirisha. Ila meli ile ilikuwa mpya, haikuwa imemaliza hata miezi minne tangu ilipoingizwa kazini, na watu wake hawakuwa wameizoea. Katika meli, jambo la kwanza ni kufunga hatari mahali ilipo, halafu ndipo kuitoa. Afisa hujifunza hayo kabla, kwa mazoezi, maana siku yenyewe hakuna nafasi ya kujifunza.

Na kufunga huko ndiko kunakomwelemea mtu. Kumbukeni kwamba vyumba vile hulala watu. Maji yakipanda, afisa aweza kuamuru mlango ufungwe, naye hana hakika kama wote wametoka. Akichelewa, atapoteza na chumba cha pili, pengine na meli. Akiwahi, huenda mtu yumo. Ndiyo sababu mabaharia hufundishwa kutoka vyumbani mwao wamefungwa macho kwa kitambaa, wakipapasa ukuta, mpaka miguu ijue njia. Kila sekunde wanayoipunguza katika zoezi hilo humpunguzia afisa ule uamuzi mgumu.

Palikuwa na fikira ya zamani kwamba kuzima moto ni kazi ya kikosi maalumu tu. Tarehe 29 Julai 1967 fikira hiyo iliwagharimu sana Wamarekani. Katika bahari ya Vietnam, juu ya manowari ya kuchukulia ndege iitwayo Forrestal, roketi ilifyatuka yenyewe kwa hitilafu ya umeme ikapiga tangi la mafuta la ndege nyingine. Wazima moto waliofundishwa walikimbilia pale mara moja. Dakika moja na nusu hivi baadaye bomu lililipuka katika moto ule, na wengi wao wakafa pamoja. Waliobaki walishika mipira kwa ushujaa, lakini hawakufundishwa. Hawa walimwaga povu la kuzimia petroli, wale wakamwaga maji, na maji yakaliosha povu. Watu 134 walikufa. Baada ya msiba huo kila baharia akaanza kufundishwa kuzima moto, hata mpishi na karani.

Sasa njooni karibu na kwetu, katika Ghuba, maji ambayo majahazi yetu ya pwani yameyajua tangu zamani kwa pepo za kaskazi na kusi. Mwaka 1988 Iran na Irak walikuwa vitani, na manowari za Marekani zilikuwa zikisindikiza meli za mafuta. Tarehe 14 Aprili, saa kumi na moja kasoro dakika kumi jioni, manowari Samuel B. Roberts iligonga bomu la kutegwa majini. Mabaharia walikuwa wameyaona mabomu mengine mbele, na nahodha, Paul Rinn, alikuwa akiirudisha meli nyuma taratibu apate kutoka. Bomu hilo hawakuliona.

Lilitoboa tundu la upana wa mita nne na nusu hivi. Mkuku wa meli ulivunjika. Mnajua mkuku ni uti wa mgongo wa chombo. Nahodha wa jahazi akiambiwa mkuku umevunjika, hutafuta mtumbwi. Chumba cha injini kilijaa maji, vyumba jirani vikaanza kuvuja, na moto ukawaka. Sehemu za juu za meli zilianza kupasuka, meli ikawa inajikunja kwa kila wimbi. Usiku ukaingia.

Makundi yalikuwa mahali pake, kwa sababu Rinn na maafisa wake walikuwa wamewachosha watu kwa mazoezi tangu kwao. Wengine walitia gadi viambaza. Wengine waliziba nyufa. Wengine walifunga nyaya nene za chuma kutoka upande mmoja wa ufa mpaka wa pili, na kuzikaza, wakaishona meli yao kama mtu ashonavyo gunia. Ndani ya meli hiyo palikuwa na bamba lenye majina ya mabaharia wa Samuel B. Roberts ya kwanza, iliyozama vitani tarehe 25 Oktoba 1944. Imesimuliwa kwamba mabaharia waliokuwa wakipita mbio na mipira na mbao waliligusa bamba hilo kwa mkono.

Walipigana na moto na maji kama saa tano. Watu 10 waliumia, wengine kwa kuungua vibaya. Hakufa hata mmoja, na mlikuwamo watu zaidi ya 200. Meli ilivutwa mpaka Dubai, halafu ikapakiwa juu ya meli nyingine kubwa, kama ng'ombe anavyopakiwa katika lori, ikapelekwa Marekani. Huko ilitiwa chumba kipya cha injini. Mwaka 1989 ilirudi kazini, ikafanya kazi mpaka mwaka 2015.

Haya, kalamu mkononi. Simu inalia, na sauti inasema: "Moto, 3-90-2-A." Andikeni katika daftari zenu: ni sitaha ya ngapi? Ni upande gani wa meli, kulia au kushoto? Chumba hicho ni cha kazi gani? Halafu pigeni hesabu hii: mipira miwili imemwaga maji humo kwa dakika 30, na kila mmoja hutoa lita 360 kwa dakika. Ndani ya meli mna lita ngapi? Ni madebe mangapi? Aliyemaliza amsaidie jirani yake kusoma anwani, lakini hesabu kila mtu aifanye mwenyewe. Majibu tutayasoma pamoja mwanzoni mwa somo lijalo. Kwaherini.